Kwa Mwanangu Aliyeshinda Jumamosi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, kisha nikaurudia, maana sijakusikia na furaha kama ile tangu uhamie Dallas. Hongera. Umevuka mpaka kuingia Oklahoma, umeketi kwenye meza ya poka na dola 300 zako, umeinuka na 1,440, na saa saba zote hizo hukulewa wala hukugombana na mtu. Faida ya dola 1,140 kwa kijana anayepanga mizigo ghalani usiku si fedha ya kudharau, na sitaki uanze kusoma barua hii ukidhani shangazi amekuja kukuvunja moyo.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya yale uliyoyasema mwishoni, harakaharaka, kabla hujaniaga. Ulisema unafikiria kuomba zamu zako zipunguzwe ziwe tatu kwa wiki. Ukasema pia kwamba Jumamosi ijayo utahamia meza ya dola 2 na 5, yaani yale madau mawili ya lazima, dogo na kubwa, ya kuanzia kila mgao wa karata, kwa kuwa ile ya 1 na 3 umeshaimaliza. Mama yako akisikia atakuja na maneno ya dini, na ana haki nayo. Hayo ni yake kuyasema. Mimi nitasema yale ninayoyajua kwa mikono yangu.

Unaijua kazi niliyoifanya Las Vegas. Nimegawa karata miaka mingi, kila nusu saa nikihamia meza nyingine, na kila ninapoondoka nikipiga viganja na kuvigeuza juu ili kamera za darini zione kwamba sikuchukua kitu. Mgawaji haruhusiwi kutoa maoni. Hamwambii mtu kwamba karata hizo angezitupa, hampi pole aliyeshindwa, hamshangilii aliyeshinda. Anatazama tu. Nimewatazama watu wengi sana wakishinda, na kuna mambo ambayo ningependa mtu angewaambia siku ileile.

Kwanza nikupe haki yako. Poka si sawa na mashine zile zenye taa. Kwenye mashine au kwenye ruleti mpinzani wako ni kasino yenyewe, na hesabu imepangwa kabla hujaingia mlangoni. Gurudumu la ruleti la Marekani lina vijumba 38, lakini namba yako ikitoka unalipwa 35 kwa 1. Hakuna akili wala maombi yatakayoziba pengo hilo. Kwenye poka unapambana na watu walioketi nawe, kila mmoja na karata zake mbili na zile tano za wote zinazofunuliwa katikati. Mwenye subira na hesabu anaweza kweli kuwashinda wasio nazo. Ndiyo maana sikukwambia uache ulipoanza.

Lakini kasino haikuwekeeni kiti, taa, walinzi na mgawaji kwa hisani. Kwenye meza kama yako kasino nyingi huchukua sehemu ya kumi ya fedha zilizowekwa katikati, hadi kikomo cha dola 5 hivi, na nyingine huongeza dola 1 au 2 za zawadi maalumu. Fedha hizo nimezitumbukiza kwenye tundu la meza kwa vidole vyangu, na zikishaingia mle hazirudi. Mgawaji mwepesi humaliza karibu mikono 30 kwa saa. Tuseme kila mkono umetoa dola 4 tu: hizo ni dola 120 kwa saa. Mkiwa tisa, kila mmoja amechangia zaidi ya dola 13 kwa saa, na wengi hawajui, kwa sababu zinachotwa kidogokidogo kutoka kwa yule anayeshinda, naye wakati huo anachekelea. Kwa saa zako saba meza ile imelipa kama dola 840. Bado hujahesabu dola moja unayompa mgawaji kila ukishinda, na hiyo usiache kuitoa, maana wagawaji wanaishi kwa hiyo. Kwa hiyo kuwa bora kuliko jirani zako hakutoshi. Unatakiwa uwe bora kwa kiasi cha kulipia kiti, mafuta ya gari na chakula, ndipo senti ya kwanza ya faida ianze kuhesabiwa.

Sasa tuje kwenye ile mikono mitatu uliyonisimulia.

Wa kwanza ni ule wa nane mbili. Karata tatu za mwanzo zilipofunuliwa ikatokea nane ya tatu, na yule bwana wa fulana nyekundu alikuwa ameshika esi mbili, akakufuata hadi akamaliza fedha zake. Ulicheza vizuri, sina neno. Hukukurupuka kusukuma zote mara moja. Ulimwachia nafasi ya kuamini kwamba yeye ndiye mbele. Ila ujue kwamba mwenye jozi mkononi huipata ya tatu kwenye zile karata tatu mara moja tu katika kila mara nane au tisa, na esi mbili humjia mtu mara moja katika mara 221. Siku hiyo vilikutana vyote viwili, kwenye meza yako, mbele ya mtu asiyeweza kuzitupa esi zake. Kumlipisha ulikuwa ustadi wako. Kukutana naye hakukuwa kazi ya mikono yako, na usikuingize kwenye mshahara unaoupangia maisha.

Wa pili ndio uliousimulia kwa sauti ya juu, ukacheka, ukausimulia tena. Ulishika tisa na sita za kopa. Mezani pakafunuliwa kingi ya kopa, mbili ya kopa, na jeki ya rangi nyingine. Katikati palikuwa na dola 90, na yule dada wa miwani akasukuma zake zote, 240. Ukazilipa. Kopa ikatokea kwenye karata ya mwisho, naye alikuwa na esi na kingi, akainuka bila neno.

Hebu chukua kalamu. Ulilipa 240 ili upate 330 zilizokuwa mbele yako. Ili malipo hayo yasikupe hasara, unatakiwa ushinde mara 42 katika kila mara 100. Kopa zipo 13; nne ulikwisha kuziona, zimebaki tisa. Kwa karata mbili zilizosalia, kopa itakufikia kama mara 35 katika 100. Nikikuongezea kwa ukarimu zile nafasi ndogondogo za kupata jozi mbili au tatu za namna moja, tuseme 37. Hazifiki 42. Maana yake ni kwamba kila ukirudia uamuzi ule unapoteza karibu dola 30 kwa wastani, na umezipoteza hata siku ambayo kopa inatokea. Kopa isingetokea, ungerudi nyumbani na 870, na ungeniambia ulikuwa na jioni nzuri tu, si kwamba umeumaliza mchezo. Nusu ya faida yako imesimama juu ya kosa. Nalisema kwa upole lakini nalisema lote, kwa sababu mkono huo ndio utakaoukumbuka, na ndio utakaotaka kuurudia.

Mkono wa tatu uliutaja kwa sentensi moja. Ulikuwa na kingi na kwini, mezani kuna kingi, ukaweka dau mara mbili, na kwenye karata ya mwisho yule mzee wa kofia, ambaye usiku kucha hakuwa amepandisha dau hata mara moja, akapandisha hadi dola 160. Ukatafakari, ukazitupa. Hukuonyeshwa alichokuwa nacho. Mwanangu, hapo ndipo nilipojua una kichwa cha mchezo huu. Mtu aliyekaa kimya saa nne halafu akaweka fedha kwa mkono usiotetemeka, mara nyingi sana hapigi mkwara. Ulimsoma, ukameza kiburi, ukaokoa dola 160. Hakuna aliyekupigia makofi, wala hukuwa na chipu mpya za kupanga mbele yako. Katika saa zako saba, uamuzi ulionipendeza kuliko yote haukukuongezea hata dola moja.

Nimekaa sana kwenye mikono hii kwa sababu siku ya kushinda haijichambui yenyewe. Mtu akishindwa, njia nzima ya kurudi nyumbani anajiuliza: pale nilikosea nini, pale ningefanyaje? Akishinda, kila alichokifanya kinaonekana ni hekima. Hapo ndipo makosa yanapopewa heshima yakawa tabia. Wewe unafikiri Jumamosi imekuonyesha kiwango chako. Saa saba ni mikono kama 210. Mchezaji hodari kabisa anaweza kushindwa mwezi mzima akicheza vizuri, na mchezaji mbovu anaweza kushinda wiki tatu mfululizo. Karata hazina haraka ya kumwambia mtu ukweli.

Nikueleze kuhusu mpishi mmoja. Alifanya kazi jikoni kwenye hoteli jirani na tulipokuwa, mtu wa watu, akija siku yake ya mapumziko tu. Alikuwa akitoa noti mbili au tatu za mia kutoka kwenye bahasha, zikiisha anatuaga na kuondoka akicheka. Jioni moja akashinda fedha nyingi, karibu mshahara wake wa mwezi. Tulifurahi naye. Baada ya hapo akawa anakuja mara mbili kwa wiki, kisha nikaanza kumwona asubuhi kabla ya zamu, na suruali yake ya jikoni ya mirabaraba. Bahasha ikatoweka. Akawa ananunua chipu kwa noti za ishirini mpya, zilizonyooka, na sisi wagawaji tulijua zinatoka wapi: mashine ya benki iliyokuwa hatua chache kutoka mlangoni. Baadaye akaacha kutusalimu. Hakuwahi kupata siku mbaya iliyomwangusha kwa kishindo. Alikuwa akiitafuta ile jioni moja, na kila jioni nyingine ilimkasirisha kwa kutokuwa ile. Sijui mwisho wake. Siku moja tulitambua tu kwamba amekoma kuja.

Ndiyo sababu neno "kupunguza zamu" limenikosesha usingizi. Tufanye hesabu ya kazi, si ya bahati. Mtu anayeimudu kweli meza ya 1 na 3 anaridhika akipata dola 20 au 30 kwa saa, na hiyo ni wastani wa saa nyingi mno, mamia kwa mamia, yakiwemo majuma ya kushindwa tu. Hana bima ya afya. Hana likizo. Akiugua hapati kitu, na kodi ya nyumba haingojei karata zibadilike. Hao unaowaona mezani saa nne asubuhi ya Jumanne, wenye vipokea sauti masikioni na chakula cha kubeba, ndio wanaoishi hivyo. Nimewagawia. Baadhi ni watu waadilifu na werevu, lakini sijaona hata mmoja aliyekuwa na furaha uliyokuwa nayo wewe Jumamosi. Wao walikuwa kazini. Wewe ulikuwa mchezoni, ukiwa na mshahara wa ghalani nyuma yako, na ndiyo maana uliweza kuzitupa zile karata mbele ya mzee wa kofia. Ukicheza na fedha za kodi ya nyumba huwezi kuzitupa karata. Utamlipa ili uone, kwa sababu utakuwa unazihitaji fedha hizo.

Na hiyo meza ya 2 na 5 usiione kama darasa linalofuata. Huko dola 300 zako ni madau makubwa 60 tu, wakati wenzako wameweka 500 au 1,000 mbele yao, na miongoni mwao ndimo wamo hao wa Jumanne asubuhi. Wanawapenda sana wageni walioshinda wiki iliyopita.

Najua utaniambia habari za Chris Moneymaker, kwa sababu kila kijana aliyewahi kuketi mezani kwangu aliniambia. Ni kweli. Mwaka 2003 mhasibu huyo wa Tennessee alishinda nafasi kwa mashindano ya mtandaoni yaliyomgharimu dola 86 hivi, akaenda Las Vegas kwenye mashindano makuu ya dunia ambayo kiingilio chake ni dola 10,000, akarudi na milioni 2.5. Mwaka huo waliingia watu 839. Mwaka uliofuata wakaingia 2,576, kwa sababu kila mtu alikuwa amesikia habari za yule mmoja na hakuna aliyesikia za wale 838. Nikukumbushe basi na Stu Ungar, ambaye wengi wa waliowahi kucheza naye wanasema hakukuwa na kipaji kama chake. Alitwaa ubingwa huohuo 1980, akautwaa 1981, na baada ya miaka mingi akarudi kuutwaa tena 1997 na kupewa dola milioni moja. Novemba 1998 alikutwa amekufa katika moteli ya Las Vegas, ana miaka 45, karibu fedha zote zimekwisha. Dawa za kulevya zilikuwa zimemmaliza mwili, ndiyo, na hilo si la karata. Lakini hata fedha alizozishinda kwa akili ile kubwa alizipeleka kwenye kamari nyingine ambazo akili haisaidii. Ukiwa unatoka na chipu zako kuelekea kwa keshia, utapita katikati ya meza za ruleti na mashine. Hazikuwekwa njiani kwa bahati. Pita.

Jambo jingine, na hili naliomba kwa nguvu. Ile picha ya chipu ulizozipanga, uliyoiweka kwenye kundi la familia, iondoe leo. Wewe unajua kwamba ni meza ya watu, kwamba ulisoma vitabu, kwamba uliketi saa saba. Binamu zako huku nyumbani hawajui. Wao wanacho kile kindege cha kamari cha kwenye simu kinachopaa na kuanguka, na mechi za kubashiri, na mkopo wa simu unaopatikana kwa kubonyeza mara mbili. Yule mdogo, unayemlipia karo ya chuo, aliandika chini ya picha yako, "Sasa naona kumbe inawezekana." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Yeye hapambani na bwana wa fulana nyekundu. Anapambana na kompyuta ya kampuni, saa nane za usiku, kitandani, bila mgawaji wala mtu wa kumwambia usiku umekwenda. Mpigie simu wewe mwenyewe. Mweleze tofauti, na umweleze pia na siku zako za kushindwa, kwa tarakimu. Mimi akinisikia ataona ni maneno ya wazee.

Ukishamaliza hilo, nunua daftari. Kila safari uandike tarehe, mahali, saa ulizokaa, fedha ulizoingia nazo na ulizotoka nazo, siku nzuri na mbaya bila kuchagua. Mamlaka ya kodi ya Marekani inataka ushindi wa kamari utajwe kama mapato mengine, hata kama hakuna aliyekupa karatasi, na bila kumbukumbu huwezi kudai hasara zako. Tena sheria ya 2025 imepunguza: kuanzia mwaka wa kodi wa 2026, hasara zinazoweza kutolewa ni asilimia 90 tu, na hata hizo si kila mlipakodi anayefaidika nazo. Lakini hata pasingekuwa na kodi ningekuagiza daftari, kwa sababu moyo hukumbuka 1,140 na kusahau 80, 150, na 300. Baada ya mwaka lifungue. Likikuonyesha unapata, tutazungumza tena juu ya meza kubwa, na nitakusikiliza kwa heshima. Likikuonyesha unapoteza kidogo kidogo, basi utajua burudani yako inagharimu kiasi gani kwa mwezi, uamue kama unaimudu.

Usiku, ukiwa na fedha taslimu, waombe walinzi wakusindikize hadi kwenye gari. Hawatozi kitu na wala hawakuoni mwoga. Na kama macho yameanza kuwa mazito, lala kwanza. Barabara ile ya kurudi Dallas ina malori usiku kucha, na mtu aliyeshinda huwa hajui amechoka kiasi gani.

Hizo dola 1,140 usiziache zikae kwenye droo zikikungoja. Tenga 300 ziwe za kuchezea, katika bahasha, na zikiisha zimeisha. Huongezi kutoka kwenye mshahara, wala hukaribii mashine ya benki ukiwa ndani ya jengo lile. Tenga na ya kodi. Zilizobaki ziingie kwenye deni la gari, ambalo ulinieleza linakubana. Zamu zako ziache zilivyo. Jumamosi hii usiende, si kwa adhabu, ila mwili wako bado una joto la ile ya juzi. Nenda mwezi ujao, meza ileile ya 1 na 3, na ukipewa kopa mbili na mtu akasukuma zote, fanya hesabu kabla ya kugusa chipu.

Na mkeo umwambie leo. Umwambie kiasi kamili, siyo "nilipata kidogo," na umwonyeshe daftari ukiwa umeanza kuliandika tangu Machi, pamoja na zile dola 300 ulizopoteza mwezi huo ambazo mimi ninazijua na yeye hazijui.

Shangazi yako